Deni la Kodi ni Kesi Moja, Mlango wa Duka ni Nyingine

Mwaka 2020 serikali nyingi ziliwazuia wenye majengo kuwatoa wafanyabiashara walioshindwa kulipa kodi wakati biashara zimefungwa kwa sababu ya korona. Kinga hizo zimeshakwisha, lakini zimeacha imani moja ambayo hadi leo naisikia pande zote mbili za mkataba wa pango. Mwenye jengo anaamini sheria ilimgeuka ikamkumbatia mdaiwa. Kwa hiyo sasa anadai mkataba wenye kifungu cha kufunga mlango siku ile ile kodi inapochelewa, na hahitaji hata kufuli la chuma, kwani mlango wa kielektroniki hufungwa kwa simu akiwa amekaa sebuleni kwake. Mpangaji naye anaamini alifunguliwa njia: ukiwa na sababu inayoeleweka, kodi inaweza kusubiri na hakuna wa kukugusa. Wote wawili wamekisoma vibaya kilichotokea, na kila mmoja anajiandalia hasara kwa kusoma kwake huko.

Msimamo wangu ni huu. Sheria za wakati ule zilitenganisha mbele ya macho ya kila mtu mambo mawili ambayo tangu zamani yalikuwa tofauti, ila tulizoea kuyafunga kamba moja. La kwanza ni deni la kodi, ambalo ni pesa. La pili ni milki ya jengo, yaani haki ya kukaa ndani na kushika funguo. Kudaiwa kodi hakumfanyi mpangaji kuwa mvamizi, na kushika funguo hakumfutii deni. Anayetumia mlango kama chombo cha kukusanyia deni ndiye mara nyingi anayepoteza vyote viwili, na ndiyo maana nawasihi wenye majengo, pengine kuliko wapangaji, waache kulilia haki ya kufuli.

Tazama zile kinga zenyewe zilivyoandikwa. Sheria ya Ujerumani ya Machi 2020 ilisema kwamba kodi ya Aprili hadi Juni mwaka huo ikikosa kulipwa kwa sababu ya janga, mwenye jengo hawezi kuvunja mkataba kwa sababu hiyo peke yake, na kinga hiyo ingedumu hadi 30 Juni 2022. Deni lenyewe liliendelea kuwa deni. Uingereza nako, kifungu cha 82 cha sheria ya korona ya 2020 kilizuia kutwaa majengo ya biashara kwa sababu ya kodi, na baada ya kuongezwa muda mara kadhaa kilifika hadi Machi 2022. Katika miezi hiyo hiyo ambayo mlango ulikuwa umelindwa, wenye majengo walikwenda Mahakama Kuu kudai pesa zao, na walishinda. Kampuni za kumbi za sinema zilijitetea kwamba zilikodi majengo ili kuonyesha filamu, serikali imekataza kuonyesha filamu, basi msingi wa kulipa umeondoka. Julai 2022 Mahakama ya Rufani ilizikatalia. Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 30 Juni, mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa katika kesi za madai ilikuwa imefikia jibu kama hilo: amri ya kufunga maduka ilitolewa kwa ajili ya afya ya umma, haikuwa kosa la mwenye jengo wala haikuliharibu jengo, na kodi inadaiwa.

Haki inanidai niseme kwamba picha haikuwa ya rangi moja. Januari 2022 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani ilikubali kwamba mpangaji wa duka lililofungwa kwa amri ya serikali anaweza kuomba kodi irekebishwe, ila ilikataa kanuni nyepesi ya kugawana nusu kwa nusu. Ilitaka kila kesi ipimwe kwa hali yake: mauzo yalishuka kiasi gani katika duka lile lile, mpangaji alipata msaada gani wa serikali au wa bima, mwenye jengo naye alibaki na nini. Uingereza ilitunga sheria nyingine Machi 2022 iliyowapa wasuluhishi mamlaka ya kupunguza au hata kufuta sehemu ya deni la kipindi cha kufungwa, au kumpa mpangaji hadi miezi 24 ya kulipa. Msuluhishi alitakiwa kuangalia kama biashara ina uhai wa kuokolewa, na asimwokoe mpangaji kwa kumfilisi mwenye jengo. Hata hapo, lakini, kilichopimwa ni pesa, kwa hesabu na vielelezo mezani. Hakuna aliyeulizwa nani anashika ufunguo.

Utengano huu una mizizi mirefu kuliko korona. Katika sheria ya kale ya Uingereza, iliyosambaa katika nchi nyingi zilizotawaliwa nayo, mwenye jengo aliyetaka kutwaa jengo kwa kodi isiyolipwa alipaswa kwanza kuidai rasmi: afike kwenye jengo lenyewe, siku yenyewe ya malipo, kabla jua halijazama, na ataje kiasi kamili bila kuzidisha wala kupunguza. Akikosea hata kidogo, haki ya kutwaa ilimponyoka. Mikataba ya leo huweka kifungu cha kuliondoa sharti hilo, na ndiyo sababu wengi hawalijui. Lakini linaonyesha jinsi sheria ilivyolichukulia suala la kumtoa mtu mahali pake: ni adhabu nzito, na anayeitaka lazima apite njia nyembamba.

Mabaki ya ugumu huo yanawanasa wenye majengo hadi leo, hasa kwenye kupokea pesa. Mpangaji akivunja mkataba, mwenye jengo ana chaguo: auvunje na adai jengo lake, au auache uendelee na adai kodi. Hawezi kuvishika vyote. Akijua kosa limefanyika kisha akapokea kodi ya kipindi kinachofuata, sheria husema ameshachagua kuendelea, na haki ya kutwaa kwa kosa lile imekufa. Zamani ungeweza kuikataa bahasha mkononi. Leo kodi inaingia benki au kwenye simu yenyewe, usiku, bila mtu kuulizwa, na karani wa ofisi anatoa risiti asubuhi bila kujua kwamba wakili ameandika notisi ya kuvunja mkataba jana yake. Baadaye mwenye jengo anashangaa kusikia mbele ya hakimu kwamba risiti yake mwenyewe imemfunga mikono. Kukamata bidhaa za mpangaji kwa ajili ya kodi nako kuna tabia hiyo hiyo, kwa sababu anayekamata mali kwa kodi amekiri kwamba upangaji bado upo. Nimetumia maneno mengi hapa kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi zinapoharibikia, wala si kwenye hoja kubwa za haki na usawa.

Sasa niiweke hoja ya mwenye jengo kwa nguvu zake zote, maana anastahili kusikilizwa. Jengo lake mara nyingi ni rehani. Benki haimsubiri mpangaji wake, kodi za serikali hazisubiri, mlinzi na fundi wa lifti hawasubiri. Mpangaji asiyelipa anakalia nafasi ambayo mwingine angeilipia leo, na kila mwezi wa kesi ni mwezi ambao jengo lina mtu lakini halina mapato. Msemo wa kwetu kwamba dawa ya deni ni kulipa anaujua kila mtu; yeye anauliza mgonjwa asipotaka dawa afanywe nini. Isitoshe, huyu si mpangaji wa nyumba ya kulala mwenye watoto wadogo. Ni mfanyabiashara aliyesaini mkataba kwa akili timamu, pengine akiwa na wakili wake. Kwa nini apewe ulinzi wa mnyonge?

Jimbo la Texas, Marekani, limeikubali hoja hiyo kwa kiasi kikubwa. Sheria yake inamruhusu mwenye jengo la biashara kubadilisha kitasa mpangaji akichelewesha kodi. Soma masharti, lakini. Lazima abandike kwenye mlango wa mbele tangazo linaloeleza jina na anwani au namba ya simu ya mtu atakayempa mpangaji ufunguo mpya, na ufunguo huo utolewe saa za kazi za mpangaji iwapo atalipa malimbikizo. Mwenye jengo akikiuka, mpangaji anaweza kurudishwa ndani kwa amri ya hakimu, na kudai hasara yake pamoja na kodi ya mwezi mmoja au dola 500, ile iliyo kubwa zaidi, na gharama za wakili. Kwa maneno mengine, hata pale ambapo kufuli limehalalishwa, limewekewa karatasi, saa na faini. Wanaoitaja Texas kama ushahidi kwamba mwenye mali anaweza kufunga tu mlango wake wamesoma mstari wa kwanza wakaacha mingine.

Hoja dhaifu kuliko zote katika upande huu ni ile inayopendwa zaidi: kwamba kufuli ni haraka, basi ni rahisi. Mwaka 1978 mahakama ya juu ya Minnesota iliamua kesi ya mkahawa ambao mwenye jengo aliubadilishia vitasa mpangaji akiwa hayupo, huku askari polisi akiwa kando. Alikuwa na malalamiko ya kweli juu ya mpangaji. Alilipishwa zaidi ya dola 34,000, sehemu kubwa ikiwa faida ambayo mkahawa ungepata kama mlango ungebaki wazi. Mahakama ilisema njia ya kumtoa mpangaji ambaye hajaondoka wala kusalimisha jengo kwa hiari ni ya kisheria tu, na ilikumbusha kwamba jimbo lilikuwa na utaratibu wa haraka wa kudai milki, wa siku chache, ambao mwenye jengo hakuutumia. Afrika Kusini nayo ina kanuni kali zaidi iliyotoka kwenye sheria ya Kirumi na Kiholanzi: aliyenyang'anywa milki bila utaratibu hurudishiwa kwanza, na mjadala wa nani ana haki huja baadaye. Ukimfungia mpangaji mlango, hakimu hatakuuliza anadaiwa kiasi gani. Atakuuliza kama alikuwa ndani na kama ulimtoa. Na sheria ya makosa ya jinai ya Kenya inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayeingia kwa nguvu ili kutwaa ardhi au jengo, hata kama ana haki ya kuingia.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo wapenda kufuli hawalizingatii. Mwaka 1991 mabwana sheria wa House of Lords, wakati ule mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, walipata kesi ya mwenye jengo ambaye mawakala wake waliingia saa kumi na mbili asubuhi, jengo likiwa tupu, wakabadilisha vitasa. Haikuwa kesi ya kodi. Ilikuwa ya mpangaji aliyefanya ukarabati bila ruhusa. Mwenye jengo alidai kwamba kwa kuwa ameshaingia, mambo yamekwisha na mpangaji hana tena nafasi ya kuomba asamehewe na kurudishiwa upangaji. Alishindwa. Aliyeingia bila amri ya mahakama anaweza kufuatwa na ombi hilo hata baada ya kuingia, wakati aliyeingia kwa hukumu, hukumu yake ikitekelezwa, amekwisha kufunga ukurasa. Kwa deni la kodi hali inafanana: mpangaji aliyetolewa kwa kitasa kipya anaweza kwenda mahakamani, kwa kawaida ndani ya miezi 6 hivi, akalipa deni na gharama, akarudishiwa jengo. Mwenye jengo aliyekwisha kumweka mpangaji mpya anajikuta kati ya watu wawili wenye madai, na wote watamdai yeye. Njia ya mahakama, kwa taabu yake yote, ndiyo inayompa hakika ambayo alidhani ataipata kwa fundi wa vitasa.

Nigeukie wapangaji, maana nao wana hoja nzito na wana hoja mbovu. Ile nzito ni kwamba duka si chumba tu. Wateja wanalijua kwa mahali lilipo, mtaji umezama kwenye rafu, mitambo na leseni, na vyote hivyo havibebeki kwenye mkokoteni. Kufuli la siku tatu linaweza kuua biashara ambayo deni la miezi mitatu halikuiua, na deni lenyewe likakosa wa kulilipa. Mara nyingi pia kiasi chenyewe kina ubishi wa kweli: gharama za huduma zilizopandishwa bila hesabu, ongezeko la kodi ambalo notisi yake haikufuata mkataba, amana ambayo haionekani popote kwenye taarifa ya deni. Akifungiwa mlango, mpangaji hulipa asichodaiwa ili tu afungue, na ubishi wa haki hauamuliwi na mtu yeyote. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kulinda mlango wakati deni linapojadiliwa.

Hoja mbovu ni ile ya "hajatengeneza paa, silipi". Nimewahi kuketi na mfanyabiashara aliyekuwa na picha za kila tone la mvua lililoingia dukani kwake, akiwa na uhakika kwamba picha hizo ni kodi ya miezi mitano. Katika mikataba ya biashara, kwa kawaida wajibu wa kulipa kodi husimama peke yake, na mikataba mingi husema wazi kwamba kodi italipwa bila makato. Paa linalovuja linampa mpangaji dai la fidia, pengine kubwa, lakini mara chache sana linampa ruhusa ya kushikilia kodi yote. Anayeshikilia anageuza kesi ambayo angeishinda kama mdai kuwa kesi anayoingia kama mdaiwa mwenye makosa. Kulipa huku ukiandika kwamba unapinga, au kuomba mahakama ipokee pesa hadi ubishi uishe, kunamwacha na madai yake yote mkononi.

Kenya inatoa mfano mzuri wa faida na kasoro za kulinda mlango. Sheria yake ya mwaka 1965 kuhusu maduka, hoteli na nyumba za chakula iliunda baraza maalumu, na inalinda upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, au wenye kifungu cha kuuvunja mapema kwa sababu isiyo kosa la mpangaji. (Wengi hushangaa kwamba mpangaji wa maneno matupu ana kinga ambayo mwenye mkataba wa miaka 6 anaweza kuikosa.) Upangaji huo hauvunjwi ila kwa notisi ya angalau miezi 2, kwa fomu iliyowekwa, yenye sababu. Sababu mojawapo ni kodi iliyokaa miezi 2 bila kulipwa tangu ilipostahili, au tabia ya kuchelewesha mara kwa mara. Mpangaji akipeleka shauri barazani kabla notisi haijaiva, notisi hiyo husimama hadi uamuzi utoke.

Kasoro iko katika neno hilo "hadi". Sheria ya namna hii inaposhika mlango bila kushika kodi inayoendelea kuiva, kesi yenyewe inakuwa mkopo usio na riba. Mpangaji mwaminifu na mpangaji mjanja wanapata kinga moja, na mwenye jengo aliyefuata kila hatua anaona jirani yake aliyetumia kufuli akifunguliwa njia mapema kuliko yeye. Hapo ndipo hasira yao inapozaliwa, na siwezi kuwalaumu kwa hasira hiyo. Ninachopinga ni tiba wanayoitaka.

Tiba ipo, na haihitaji kubuniwa. Sheria ya kodi za majengo ya Delhi ya mwaka 1958 inamruhusu msimamizi wa kodi, yaani afisa anayeamua kesi hizo, kumwamuru mpangaji, ndani ya mwezi mmoja, alipe au aweke malimbikizo na aendelee kulipa kila mwezi wakati kesi inasikilizwa. Akishindwa, utetezi wake dhidi ya kutolewa unaweza kufutwa. Kukiwa na ubishi juu ya kiasi, msimamizi huweka kodi ya muda, na marekebisho hufanyika mwishoni. Ufaransa ina njia nyingine: kifungu cha kuvunja mkataba hakianzi kazi mpaka mwezi mmoja upite baada ya hati rasmi ya kudai, hati hiyo isipotaja huo mwezi ni batili, na hakimu anaweza kumpa mpangaji ratiba ya kulipa huku kifungu kimesimamishwa. Akiivunja ratiba, kifungu kinafanya kazi yake. Katika mifumo yote miwili mlango unalindwa kwa bei, na bei hiyo ni kodi inayoendelea kuingia.

Kwa hiyo mjadala wa kubadilisha sheria za pango la biashara ungekwenda mbali zaidi kama ungeacha swali la nani apendelewe na kuanza na ratiba: siku ngapi kutoka notisi hadi kusikilizwa, siku ngapi hadi amri ya kuweka kodi isiyobishaniwa, na nani anaitunza pesa hiyo ikisubiri. Baraza linalochukua mwaka mzima kupanga tarehe ya kwanza linamsukuma mwenye jengo kwenye kufuli, hata lingeandikiwa sheria nzuri kiasi gani. Wanaotunga mikataba nao wana kazi yao. Kifungu cha kufunga mlango kwa simu kinaonekana kizuri siku ya kusaini, lakini kitasa kikigoma kufunguka kwa amri ya mtu, huko ni kumtoa mpangaji, na hakimu atakuwa na kumbukumbu ya dakika na sekunde mlango ulipofungwa. Amana ya kutosha, mdhamini anayeeleweka, na utaratibu wa kutenganisha akaunti ya kodi mara notisi inapotolewa vinamlinda mwenye jengo vizuri zaidi.

Na kuna mtu wa tatu ambaye pande zote mbili humsahau. Mpangaji aliyelimbikiza kodi ya miezi mingi mara nyingi anadaiwa pia na wasambazaji, wafanyakazi na benki. Katika sheria za ufilisi za Uingereza, na zile za Kenya za 2015 zilizofuata mkondo huo huo, kampuni iliyoelemewa na madeni ikishawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, mwenye jengo hawezi kutwaa jengo bila idhini ya msimamizi au ya mahakama, haidhuru mkataba wake unasema nini. Kabla ya kumwita fundi wa vitasa, basi, itamfaa aulize kama mpangaji wake amekwisha kuomba kinga hiyo, kwa sababu siku anayofunga mlango inaweza kuwa siku ambayo mlango huo umekwisha kuwa wa wadai wote.